Tathmini ya kisaikolojia kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Daktari wa upasuaji akishakuambia kwamba unafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, karatasi inayofuata huwa ya kukupeleka kwa mwanasaikolojia, na hapo ndipo wengi hushtuka. Majibu haya ni kwa ajili yako uliyeshika karatasi hiyo, na kwa ndugu anayekusindikiza. Yanatokana na kazi ya kuwaona wagonjwa kabla ya upasuaji na baada yake. Timu yako inayokujua ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu mwili wako.

Mimi ni mnene tu, akili yangu nzima. Kwa nini nipelekwe kwa mwanasaikolojia?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa hasira. Tunaielewa hasira hiyo. Mtu mnene ameambiwa miaka yote kwamba ni mlafi, mvivu, hana nidhamu. Sasa anaona anaongezewa na la kichaa. Kwa hiyo tuliseme mapema: hakuna aliyekuona umerukwa na akili. Kila anayetaka upasuaji huu hupita hapa, awe profesa, awe mama lishe.

Sababu iko kwenye upasuaji wenyewe. Katika aina iitwayo slivu, karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, na haurudishwi. Katika aina nyingine, baipasi, daktari hutengeneza kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha hukiunganisha na utumbo mdogo. Tangu siku hiyo utakula kidogo kidogo, utatafuna mpaka chakula kilainike kabisa, hutashushia maji katikati ya mlo, utameza vitamini na madini maisha yako yote, na utapimwa damu kila unapopangiwa. Kazi ya daktari katika chumba cha upasuaji humalizika kwa saa chache. Inayobaki ni yako, na utaifanya ukiwa na mazoea yako, huzuni zako, nyumba yako na watu wako. Tunachotaka kujua ni utaibeba vipi na nani atakushika mkono.

Ni lazima kwa kila mtu? Hata anayewekewa puto?

Mwaka 1991 wataalamu walioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walipendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 40 na kuendelea, au 35 akiwa na maradhi makubwa yanayotokana na uzito, na wakataka mgonjwa achunguzwe na timu ya fani mbalimbali, akiwemo mtaalamu wa afya ya akili. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani na shirikisho lao la dunia walishusha viwango: BMI ya 35 hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa wenye maradhi kama kisukari cha aina ya pili. Habari ya timu ilibaki palepale.

Puto huwekwa tumboni kwa kupitia mdomoni, bila kisu, na hutolewa baada ya miezi 6 au 12 kutegemea aina yake. Dar es Salaam wengi wamelisikia kupitia hospitali ya Mloganzila. Kwa kuwa halikati kitu, baadhi ya vituo hulichukulia kirahisi na kuruka mazungumzo haya. Mimi sikubaliani nao. Puto litatoka, na mazoea yatabaki.

Siku hiyo kunatokea nini hasa?

Utakaa na mwanasaikolojia saa moja hadi mbili, pengine kwa siku mbili tofauti. Tunaanza na historia ya uzito: ulianza kunenepa lini, na maisha yalikuwaje wakati huo. Majibu hufanana kuliko watu wanavyodhani. Baada ya mtoto wa pili. Baada ya kuhamia mjini na kuanza kazi ya kukaa. Baada ya kufiwa na mama. Kisha tunauliza umeshajaribu nini: kufunga, chai za kupunguza tumbo, gym, sindano, kuacha wanga. Ulipungua kilo ngapi kila mara? Na zilipoanza kurudi, nyumbani kulikuwa na nini? Hilo la mwisho tunaliuliza taratibu, kwa sababu ndilo linalosema mengi.

Halafu tunakuja kwenye chakula. "Niambie jana ulikula nini tangu ulipoamka." Karibu kila mtu hujibu vilevile: "Mimi sili sana, daktari. Asubuhi chai, mchana kidogo, usiku kidogo." Basi tunarudi nyuma na kupita saa kwa saa. Chai ilikuwa na vijiko vingapi vya sukari? Iliendana na nini? Ulipokuwa unakaanga maandazi ya watoto, ulionja? Mtoto alipobakiza wali, sahani ilikwenda wapi? Saa nne usiku, wote wamelala, wewe ulikuwa wapi?

Hapo mtu huinamisha kichwa. Wapo wanaoeleza jinsi wanavyofunua sufuria polepole, mfuniko usilie, wakala wamesimama gizani, mkono ukikwangua ukoko, na jinsi wanavyopanga vyombo upya ili asubuhi mtu asijue. Kama ni wewe, sema. Aibu hiyo tumeikuta kwa wengi, na hakuna atakayekucheka. Tunalitafuta jambo hili kwa sababu ya kimwili kabisa: baada ya upasuaji sahani ya ugali na nyama haitapita, lakini soda, juisi, aiskrimu, biskuti zilizolowekwa kwenye chai na donoadonoa za kutwa nzima zitapita vizuri sana. Mtu anaweza kurudisha uzito bila hata siku moja kumaliza sahani ya chakula.

Tunauliza pia kuhusu utoto, ndoa, kupigwa, kubakwa au kuguswa bila ridhaa. Wengine hushangaa, wanaona hayo yanahusiana vipi na kilo. Yanahusiana. Wapo wanawake ambao unene ulikuja baada ya jambo kama hilo, na kwa namna yao uliwakinga: wanaume waliacha kuwatazama. Mwili ukipungua, macho yanarudi, na hofu ya zamani inarudi nayo. Mwanamke wa namna hii hanyimwi upasuaji. Anapangiwa mtu wa kuzungumza naye kabla na baada.

Mwisho tunakuomba ueleze upasuaji wako kwa maneno yako mwenyewe, kama unamweleza shangazi ambaye hajawahi kuusikia. Utafanywa nini, hatari zake ni zipi, utakula nini wiki ya kwanza. Ukikwama, hatuandiki kwamba umeshindwa. Tunamwita mwenzetu wa lishe au muuguzi, unaelezwa tena.

Dodoso mnazotoa zina majibu sahihi?

Hazina. Inayotumika sana ni PHQ-9, maswali tisa kuhusu hali yako ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, mawazo ya kwamba heri usingekuwepo. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla yake 27, na imeshafanyiwa utafiti kwa Kiswahili Kenya na Tanzania. Kuna GAD-7 ya wasiwasi, na AUDIT ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali kumi kuhusu pombe. Ukishindwa kusoma au macho yakisumbua, omba usomewe. Usimpe ndugu akujazie. Tumeona mume akijaza "hapana" mstari mzima huku mke amekaa kimya pembeni.

Anayejibu sifuri kila mahali hutupa mashaka kuliko aliyeandika kwamba mwezi uliopita alilia sana. Mtu mwenye kilo 140, magoti yanauma, usingizi unakatika, na hana hata siku moja ya kuchoka na dunia? Tutakaa naye kidogo zaidi.

Kula bila kuweza kujizuia ni ugonjwa au ni ulafi?

Ni ugonjwa unaotambuliwa. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeupa nafasi yake wenyewe. Dalili yake kuu ni kula chakula kingi kupita kawaida ndani ya muda mfupi huku mtu akihisi hawezi kuacha, walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kisha kujichukia. Kushiba kupita kiasi siku ya Idi au Krismasi hakuhesabiwi.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2016, sehemu kubwa zikiwa za Marekani, ulikuta karibu watu 17 kati ya 100 wanaotaka upasuaji wana tatizo hili, na 19 kati ya 100 wana sonona. Jambo ambalo wengi hawalitegemei: kuwa na tatizo hilo kabla ya upasuaji hakukuonyesha kwa uhakika kwamba mtu atapungua kidogo. Ndiyo maana hatufungi mlango kwa sababu hiyo. Tunautibu, kwa vikao vya mazungumzo vinavyofuatilia kinachotangulia kila tukio, na pengine kwa dawa, kisha safari inaendelea.

Kujitapisha baada ya kula ni jambo jingine. Hilo tunataka lidhibitiwe kabla ya kisu.

Nina sonona na natumia dawa. Nitakataliwa?

La. Sonona inayotibiwa si kikwazo. Inayotutia wasiwasi ni ile ambayo haijatibiwa na imekolea kiasi kwamba mtu hawezi kuamka kitandani, sembuse kufuata ratiba ya vitamini.

Ila dawa zenyewe zinahitaji kuangaliwa. Baada ya baipasi, vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu vinaweza visifyonzwe vizuri, hivyo huenda ukabadilishiwa. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa sababu kiwango chake kinaweza kupanda hadi kuwa sumu wakati mwili unapungua na maji ni kidogo. Usiache dawa yoyote mwenyewe ili uonekane "msafi" siku ya tathmini. Wapo wanaofanya hivyo, na wanafika chumba cha upasuaji wakiwa wagonjwa kuliko walipoanza.

Na kwa akina dada: vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi, na ujauzito unashauriwa usubiri miezi 12 hadi 18. Uzito ukipungua, rutuba hurudi ghafla. Tunaliuliza kwa sababu wengi wanakuja huku wakwe wanasubiri mjukuu, na shinikizo hilo ni sehemu ya tathmini kama ilivyo sukari ya damu.

Niliwahi kujaribu kujiua. Niseme?

Sema. Najua kwa nini watu huficha: aibu, dini, na hofu ya sheria. Huku kwetu jaribio la kujiua limehesabiwa kuwa kosa la jinai tangu enzi za ukoloni, na Kenya ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Haishangazi mtu akihofia kumwambia mtu mwenye kalamu na faili. Lakini huyo mwenye kalamu anakuuliza ili akulinde, na hili ndilo swali moja ambalo uongo wake unaweza kugharimu uhai.

Mjini na vijijini mwa Ontario, Kanada, watafiti waliwafuatilia watu 8,815 miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada ya upasuaji. Dharura za kujidhuru ziliongezeka kwa karibu nusu baada ya upasuaji, nyingi zikiwa mwaka wa pili na wa tatu. Wanaopatwa bado ni wachache sana kati ya wote, na wengi hupata nafuu ya moyo uzito unapopungua. Lakini wachache hao wana majina, na historia ya nyuma ndiyo inayotusaidia kujua nani apigiwe simu mara kwa mara. Jaribio la miaka kumi iliyopita halikunyimi upasuaji. Mawazo ya sasa ya kujiua yanausogeza mbele mpaka utibiwe. Kama mawazo hayo unayo leo unaposoma hapa, usisubiri miadi ya tathmini: mwambie mtu wa karibu sasa hivi, na akupeleke hospitali iliyo jirani.

Pombe, sigara, mirungi, bangi: mnataka kujua kila kitu?

Ndiyo. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, kwa sababu huchelewesha kidonda kupona na huleta vidonda vya tumbo pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Mirungi huua hamu ya kula na kuharibu usingizi, kwa hiyo picha yote ya ulaji inapotoka. Tuambie unatafuna siku gani.

Pombe ndiyo tunayoikalia muda mrefu. Baada ya baipasi, kileo huingia kwenye damu haraka na kupanda juu kuliko zamani. Bia moja inaweza kukufanya usiendeshe gari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2012 ulikuta tatizo la pombe kwa asilimia 7.6 ya wagonjwa kabla ya upasuaji, asilimia 7.3 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 9.6 mwaka wa pili. Tazama mwaka huo wa pili. Mwaka wa kwanza kila mtu ana moyo, mizani inashuka, nguo mpya kila mwezi. Wa pili mizani inasimama, pongezi zinaisha, na lile lililokuwa likitulizwa na chakula linatafuta kitulizo kingine.

Nani hasa huambiwa "bado"?

Mwenye ugonjwa wa akili uliochachamaa na haujadhibitiwa, kama anayesikia sauti; anayetumia pombe au dawa za kulevya kwa kiwango cha utegemezi; mwenye mawazo ya kujiua kwa sasa; asiyeweza kuelewa anachokubali na hana wa kumsaidia kufuata masharti; na anayelazimishwa na mtu mwingine. Wengi wanaokuja hupita. Kati ya wanaosogezwa mbele, kazi huwa ni miezi michache ya matibabu kisha wanarudi. Kukataliwa moja kwa moja ni nadra.

Hao wanaolazimishwa hatuwasemi vya kutosha. Binti analetwa na mama kwa sababu harusi iko Desemba. Mke anasema "mume wangu amesema nikipungua hataoa mwingine." Kwa watu hawa tunaomba wazungumze nasi peke yao, mlango umefungwa, na tunauliza swali moja: yeye asingekuwepo, ungeutaka upasuaji huu?

Nitarudi kuwa kama nilivyokuwa kabla ya kuolewa?

Pengine hapana. Kwa slivu au baipasi, mtu hupungua kwa wastani robo ya uzito wake au zaidi kidogo katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Mwenye kilo 130 afikirie 90 na kitu, na baadaye kilo chache kurudi ni kawaida. Ngozi ya tumbo, mikono na mapaja italegea. Sukari na presha huwa afadhali, mara nyingi sana. Kupanda ngazi bila kuhema ni furaha ambayo wagonjwa huizungumzia kuliko picha.

Kuhusu ndoa, watafiti wa Sweden waliripoti 2018 kwamba waliofanyiwa upasuaji walikuwa na talaka na kutengana zaidi kuliko wenzao wasiofanyiwa, na wale waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Mtu aliyejiona hana thamani akianza kujiona anayo, mengi nyumbani hutikisika. Tunapenda kumwona mwenza walau mara moja, lakini ukituambia hutaki aje, hatumwiti.

Watu wakisema nina Ukimwi nitajibu nini?

Nalipenda swali hili, kwa sababu vitabu vya nje havilitaji na hapa kwetu ni zito. Huku unene umekuwa heshima: mume anakutunza, kazi inalipa, umependeza. Kukonda ghafla, kwa kizazi kilichozika ndugu miaka ya 1980 na 1990, kunasomwa kwa namna moja tu. Mgonjwa anapungua kilo kumi miezi miwili ya mwanzo, mashavu yanaingia ndani, na mtaani wanaanza: "Ana mdudu yule." "Ameshaanza vidonge." Wakimwona kweli anameza vidonge kila asubuhi, wanahesabu wamepata ushahidi. Wapo walioacha vitamini kwa sababu hiyo tu, na upungufu wa vitamini B1 au B12 unaweza kuharibu neva na ubongo.

Kwa hiyo katika tathmini tunakaa na wewe kupanga. Nani ataambiwa ukweli wote? Tunashauri wasipungue wawili, na mmoja awe anaishi nawe. Nani ataambiwa nusu? "Nilikuwa na tatizo la tumbo, daktari amenirekebisha na amenipa masharti ya chakula" ni kweli na inatosha kwa jirani. Nani hataambiwa kitu? Kisha tunaigiza. Mimi nakuwa wifi yako, nakuuliza mbele ya watu, "Mbona umeisha hivyo, shemeji anakunyima chakula?" Na wewe unajibu. Mara ya kwanza wagonjwa hulia. Mara ya tatu wanacheka na jibu linatoka.

Na wanaoishi na virusi vya Ukimwi kweli? Wanaweza kufanyiwa upasuaji huu hali yao ikiwa imetulia. Timu iambiwe, kwa ajili ya dawa.

Kwenye shughuli je? Nikikataa chakula watanuna.

Watanuna, na jipange. Sinia la watu wanne halina nafasi ya mtu wa vijiko vitatu. Omba sahani yako ndogo mapema kwa anayepakua, kabla macho ya watu hayajakugeukia. Anza na samaki, nyama au maharage, wali baadaye kama nafasi ipo. Msibani watu hawatazami sana. Harusini wanatazama, na mama mkwe anatazama kuliko wote.

Ramadhani uliza timu yako kabla, hasa mwaka wa kwanza, kwa sababu maji unayoyahitaji hayaingii kwa pamoja jioni katika kifuko kidogo. Ugonjwa una ruhusa yake katika dini, na mashehe tuliowauliza hawajatukatalia. Uchungu wa moyo wa kutofunga ni halisi, tuutaje pia.

Rafiki yangu alifanyiwa nje ya nchi bila kuulizwa chochote na yuko vizuri.

Huenda. Wengi wa pwani na wa Ghuba huenda India au Uturuki, na vipo vituo vizuri huko. Tatizo ni la ratiba: unafika Jumatatu, unafanyiwa Jumatano, wiki ijayo uko kwenye ndege. Tathmini ikifanywa kwa mkalimani dakika 15 kabla ya kusaini, haina kazi. Ukiamua kwenda, fanya tathmini hapa kwanza, kwa lugha yako, na uwe na mtu wa kukufuatilia ukirudi.

Nani atasoma ripoti yangu?

Timu ya upasuaji. Hupata muhtasari wenye maoni na mapendekezo. Habari za kubakwa, za ndoa, za usiku jikoni hazihitaji kuandikwa kwa kina humo. Uliza mwanzoni kabisa kitaandikwa nini, na omba usomewe kabla haijatumwa. Kama bima inalipa, uliza pia wao watapewa nini. Mume, mzazi au mwajiri hapewi bila ridhaa yako. Ukomo wa siri ni pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini.

Mtoto wangu ana miaka 16. Anaweza?

Kwa vijana wenye unene mkubwa na maradhi, inawezekana katika vituo vyenye uzoefu nao. Tathmini yake ni ndefu, na kijana huonwa peke yake. Hapo tunawapima wazazi pia: nani anapika, nani anamtania kwa jina la mnyama mezani.

Nikishapita, tunaagana?

Tusiagane. Turudi miezi mitatu, sita, mwaka, na zaidi ya yote mwaka wa pili. Wagonjwa hutoweka wakiwa wazima na hutoweka zaidi uzito ukirudi, kwa aibu. Kilo zikirudi ndipo tunapokutaka zaidi. Rudi hata kama umekosa miadi mitatu.

Nije na nini siku hiyo?

Kunywa chai, usije na njaa. Njoo peke yako au na mtu ambaye atakubali kusubiri nje kwa muda. Andika jana na juzi ulikula nini, usiku ukiwemo. Kama una barua za hospitali za zamani, zibebe, hasa za kulazwa. Na dawa zote unazotumia ziweke kwenye mfuko zikiwa na pakiti zake, pamoja na za mitishamba na zile ulizopewa na mtu ambaye hutaki kumtaja.